Ufundi wa Kusafisha Mazulia, na Hasara Iliyotufunza

Wanachama wetu wapenzi,

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mikarafuu: kupalilia, kuchuma, kuanika, bei, na miche ya kupandia. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze jambo jingine, nalo ni ufundi wa kusafisha mazulia. Twajua wako watakaocheka wakisoma kichwa cha maneno haya. Sisi wenyewe miezi michache iliyopita tungalicheka. Lakini atakayesoma hata mwisho ataona kuwa jambo hili limetugusa mfuko, limetugusa heshima, na huenda likawagusa watoto wetu kwa kheri, inshaallah.

Tutaanza na kosa letu, maana mficha maradhi kilio humfichua.

YALIYOTUFIKA

Kabla ya Ramadhani iliyopita, Halmashauri ya chama ilijitolea kusafisha zulia la msikiti ulio jirani na ofisi yetu. Zulia lenyewe ni la sufu, jekundu, lenye pambizo nyeupe, nalo ni wakfu wa marehemu mmoja aliyekuwa mwanachama wetu wa zamani. Mwanawe yu hai, ni mzee wetu, na husali safu ya mbele kila siku. Nia yetu ilikuwa njema. Tulikusanyika watu 12, tukalibeba zulia mpaka kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, tukalimwagia maji ndoo kwa ndoo, tukatia sabuni ya unga, tukasugua kwa mafagio ya chelewa. Palipokuwa na mawaa sugu tukamimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kazi ilikwenda kwa furaha, na kila mtu alikuwa hodari wa kutoa amri.

Magharibi ilipoingia, zulia lilikuwa bado linachuruzika. Kwa kuchelea umande tukalikunja, tukaliingiza ghalani. Asubuhi tukalitandaza tena juani, na jioni tukalikunja tena. Siku ya tatu mkono ulipopapasa juu uliona pakavu, basi tukalirudisha msikitini na kujipongeza.

Hapa ndipo panapotutia haya. Katika wale watu 12 hapakuwa na hata mmoja asiyejua kuwa karafuu mbichi ikirundikwa usiku kucha hupata joto, huvunda, kisha ikikauka hutoka imepauka na kukunjamana, na mnunuzi huitupia jicho moja tu akaishusha daraja. Hayo twayajua tangu utoto wetu. Lakini kwa zulia tukayasahau, tukadhani kwa kuwa si karafuu halina adabu yake.

Usiku wa kwanza wa tarawehe watu waliinua vichwa kutoka kwenye sijda wakitazamana. Zulia linanuka uvundo. Taa zilipowashwa zote tukaona makubwa zaidi. Wekundu umeingia katika pambizo nyeupe, zikawa za waridi. Mistari ya rangi ya chai imetokea mahali ambapo hapakuwa na waa lo lote. Zulia limerudi, halifiki tena ukutani, limeacha sakafu wazi upana wa kiganja. Na pale tulipomimina ile dawa, manyoya yamelika, ukipitisha kidole unagusa mgongo wa zulia.

Yule mzee hakusema neno. Siku ya pili alikuja na mkeka wake wa ukindu, akautandika barazani, akasali huko. Angalitugombeza tungalipata nafuu. Kimya chake kilituuma kuliko maneno.

KIJANA ALIYETOKA MASKATI

Siku zile alikuwa amekuja likizo kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu wa upande wa kaskazini. Kijana huyu amekaa Maskati miaka 9, na kazi yake huko ni kusafisha mazulia, ya majumbani na ya misikitini. Tulimwita aje kutazama. Alivua viatu, akaamkia, akapiga magoti, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuligeuza zulia akatazama mgongo wake. Kisha akatuuliza kwa adabu:

"Ami zangu, zulia hili manyoya yake ni ya nini? Na mgongo wake? Rangi mliijaribu kwanza? Vumbi mlilitoa kabla ya maji? Lilikaukia wapi, na kwa saa ngapi?"

Maswali matano, na sisi hatukuwa na jibu hata la moja. Ndipo tulipofahamu kuwa tulichokifanya si kazi ya kusafisha zulia, bali ni kulitosa majini tukatumaini mema.

Tulikaa naye alasiri tatu ofisini, tukimwuliza namna alivyojifunza. Haya tunayoyaandika hapa chini ndiyo tuliyoyapata kwake, na mengine tumeyatafuta wenyewe.

MWANAGENZI HUANZA NA VUMBI

Kijana alituambia kuwa miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kugusa maji. Kazi yake ilikuwa kutoa vumbi tu. Aliona anaonewa, mpaka fundi wake akamchukua juu ya zulia lililodhaniwa ni safi, akaligeuza juu ya shuka nyeupe na kuligonga mgongoni. Mchanga uliotoka ulijaza kikombe.

Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni kitu kikavu: mchanga, udongo, nyuzi, na ngozi ya mwili inayopukutika. Chembe ya mchanga ina makali kama kioo kilichovunjika. Kila mtu apitapo, chembe hizo hukata manyoya kidogo kidogo pale chini yaliposhika. Kwa hiyo zulia haliishi kwa kukanyagwa tu, huishi kwa mchanga uliomo. Na ukimwaga maji kabla ya kuutoa, umegeuza vumbi kuwa tope, nawe umelipandisha tope lile ndani ya zulia.

Wazee wetu walikuwa wakitundika mabusati kwenye kamba na kuyapiga kwa fimbo, na hawakukosea. Mashine ya kufyonza vumbi ilikuja baadaye. Mwaka 1901 Mwingereza aitwaye Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya namna hiyo, kubwa hata ikakokotwa na farasi. Ilisimama njiani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani mpaka ndani ya nyumba. Mwaka 1902 ilitumiwa kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey, London, kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Leo mashine hiyo hubebwa kwa mkono mmoja, lakini kanuni ni ile ile: vumbi kwanza, maji baadaye.

KUJUA ULICHOKISHIKA

Somo la pili ni kutambua uzi. Fundi huvuta uzi mmoja tu kutoka upande uliofichika, akaushika kwa koleo, akauwasha juu ya kisahani, mbali na zulia lenyewe. Sufu huungua polepole na hupenda kuzimika yenyewe, harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na majivu yake meusi hupondeka kwa vidole. Pamba na juti huwaka upesi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Nailoni na poliesta huukimbia moto, huyeyuka, na huacha tone gumu kama ushanga. Ipo na aina iitwayo polipropilini, ambayo mazulia mengi ya bei nafuu hufumwa kwayo. Uzi wake ukiutia ndani ya bilauri ya maji huelea, na nyingine huzama.

Faida ya kujua haya ni nini? Faida ni kwamba kila uzi una adui yake. Mafundi hupima ukali wa dawa kwa ngazi inayoanzia 0 mpaka 14. Maji safi yako katikati, 7. Chini ya hapo ni vitu vya uchachu, kama ndimu na siki. Juu ya hapo ni vitu vya namna ya magadi na sabuni kali. Sufu ni nywele za kondoo, na nywele haziwezi magadi makali. Sabuni ya sufu haitakiwi kupita 8 na nusu katika ngazi hiyo. Ama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye klorini, haichubui sufu tu bali huiyeyusha kabisa. Kijana alichukua kipande cha uzi wa sufu akakitia katika kikombe cha dawa hiyo mbele ya macho yetu, tukaendelea na mazungumzo. Tuliporudi kutazama, uzi ulikuwa umekwisha. Hapo kila mmoja wetu alikumbuka pale alipomimina.

Somo la tatu ni rangi. Kitambaa cheupe hulowanishwa kwa dawa ile ile utakayoitumia, kikakandamizwa pembeni mahali pasipoonekana, kwa dakika kadhaa, na kila rangi hujaribiwa peke yake. Kitambaa kikitoka na rangi, fundi husimama. Ama hubadili dawa, ama humwambia mwenye zulia kuwa kazi hii haifai kwa maji. Jaribio hilo lingalituchukua muda wa kunywa kahawa. Tuliliacha, na sasa tuna pambizo za waridi.

MAJI, NA KUKAUSHA

Watu wengi hudhani ufundi uko katika kusugua. Kijana alisema ufundi uko katika kukausha, na hapa mkulima wa karafuu anamwelewa kuliko mtu mwingine ye yote.

Mashine inayotumika zaidi siku hizi hurusha maji ya moto yenye dawa ndani ya zulia na papo hapo huyafyonza pamoja na uchafu. Mwanagenzi mbaya hurusha mno na kufyonza kidogo. Mwanagenzi mwema hupita mara moja kwa maji na mara mbili au tatu kwa kufyonza tu. Kisha madirisha hufunguliwa, mafeni huwashwa, na zulia lazima likauke ndani ya siku moja. Likikaa bichi siku moja au mbili katika joto kama la kwetu, ukungu huanza kazi yake.

Sufu nayo ina hila yake. Huweza kushika unyevu kiasi cha karibu thuluthi ya uzito wake, na mkono usiujue. Ndiyo maana sisi tulipapasa tukasema pakavu.

Na ile mistari ya rangi ya chai ilitoka wapi? Mgongo wa zulia lile ni wa juti, yaani nyuzi zile zile za magunia yetu ya karafuu. Juti ikiloa sana na kukauka polepole hutoa rangi ya kahawia, na rangi hiyo hupanda na unyevu mpaka ncha za manyoya. Kwa hiyo waa lile halikutoka nje, lilitoka ndani ya zulia, na aliyelitoa ni sisi kwa ndoo zetu. Kurudi kwa zulia nako kumetokana na maji hayo hayo.

MAWAA YA NYUMBA ZETU

Twaandika na haya kwa faida ya kila nyumba, hata isiyokuwa na mtoto wa kujifunza kazi.

Kitu kikimwagika, usisugue. Kandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu, ukianza ukingoni kwenda katikati, ili waa lisitanuke. Kahawa hukandamizwa mapema, kisha hutiwa maji yenye siki kidogo. Damu hutolewa kwa maji ya baridi, maana maji ya moto huipika ikashika. Nta ya mshumaa iache igande, uikwangue kwanza. Kaa la chetezo likianguka, waa la moshi huweza kutoka, lakini manyoya yaliyoungua hayaoti tena.

Ama hina, wanawake wa harusini watusamehe. Hina ni rangi, na sufu ni nywele, na kazi ya hina tangu zamani ni kutia rangi nywele. Ikishika sufu, mara nyingi haitoki. Kijana alisema kuwa hapo ndipo fundi wa kweli hutambulikana. Fundi wa kweli husema, "Hili sitaliweza," kabla ya kupokea fedha. Asiye fundi husema, "Litatoka," kisha huharibu na panapozunguka.

Jambo moja kubwa, tena si la zulia bali la roho. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa yo yote ya amonia. Hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwua mtu chumbani. Mwanagenzi hufundishwa hilo siku ya kwanza, pamoja na kuvaa glavu na kutoshika plagi ya umeme kwa mikono iliyoloa.

HABARI YA CHETI

Baada ya miaka miwili ya kazi, bwana wake alimpeleka darasani. Wasafishaji wa mazulia nchi nyingi hufuata mafunzo ya taasisi ya Marekani iitwayo Institute of Inspection, Cleaning and Restoration Certification, iliyoanzishwa mwaka 1972. Darasa lake la fundi wa mazulia ni la siku 2, na mwisho wake kuna mtihani. Anayefaulu hupewa cheti, na cheti hicho hutakiwa kuhuishwa kila mwaka kwa ada. Uingereza nako mafundi wana chama chao, National Carpet Cleaners Association, tangu mwaka 1968, nacho hufundisha na kusimamia wanachama wake, kama chama chetu kinavyojaribu kusimamia karafuu safi.

Tulimwuliza, "Siku mbili tu zinamfanya mtu fundi?" Alicheka akasema, "La, ami zangu. Siku mbili zilinipa majina ya mambo niliyokwisha kuyafanya kwa mikono. Asiyepata kuyafanya hutoka na majina tu."

Maneno hayo twayaweka mbele ya kila mzazi. Cheti ni kitu cha maana, maana mwenye hoteli hamjui mtoto wako wala babu yake, bali hutazama karatasi. Lakini karatasi bila mazoezi ni kama kujua majina ya daraja za karafuu na hali hujapata kuchambua makonyo. Na mtu akija kijijini kukuuzia cheti bila kumshughulisha mtoto wako hata siku moja, mfungulie mlango atoke.

MANENO YALIYOSEMWA HALMASHAURINI

Tulipolileta jambo hili mbele ya Halmashauri, halikupita kwa ulaini. Mzee mmoja alisema, "Mtoto wangu nimemsomesha mpaka skuli ya juu. Sasa akawe mpiga mabusati wa watu?" Mwingine akasema, "Mkiwapeleka vijana mahotelini, nani atapanda mikarafuu?"

Maneno yote mawili ni ya haki, nasi tulikwenda tukayafikiri.

La kwanza, twaona heshima ya kazi haiko katika kusimama au kupiga magoti. Kijana yule ametunza nyumba ya wazee wake kwa miaka 9 kwa kupiga magoti. Na sisi tuliosimama na mafagio yetu, tukatoa amri, tumeharibu wakfu wa mtu.

La pili ni zito zaidi. Kweli, mkarafuu unataka mikono. Lakini kila mmoja wetu ajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na baina ya msimu na msimu vijana hukaa barazani. Mwaka mbaya ukija, huvuka maji, na wengi wao hawarudi. Wazee walitusimulia tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, watu wakalala matajiri wakaamka wakitazama magogo. Atakayesema mtu asiwe na kamba mbili katika mtumbwi wake, na atwambie ile moja ikikatika itakuwaje. Kazi ya mazulia haina msimu mmoja. Misikiti hutaka kusafishwa kabla ya Ramadhani na kabla ya Maulidi, majumba kabla ya Sikukuu na harusi, na mahoteli wakati wageni ni wachache. Kijana aweza kuwa juu ya mkarafuu wakati wa kuchuma, na juu ya zulia wakati mwingine, naye asiache mji wake.

Kisha Bibi mmoja mjumbe aliomba kusema, na maneno yake yalituziba midomo. Alisema, "Nyinyi mwazungumza vijana wa kiume tu. Nani atakayeingia ndani kwangu, penye mabinti zangu, kusafisha zulia? Nikimpata msichana aliyefunzwa nitamwita kesho. Nikimpata mwanamume, zulia langu litabaki na uchafu wake." Hapana aliyemjibu, maana hapakuwa na jibu.

LILILOKATWA, NA LINALOWANGOJEA NYINYI

Halmashauri imekubali kuuleta mpango huu mbele ya Mkutano Mkuu, nanyi ndio wenye kuukubali au kuukataa.

Kijana yuko tayari kuahirisha kurudi kwake Maskati kwa wiki 6, na kuwafunza wanagenzi 4, wa kiume 2 na wa kike 2. Wa kike watajifunza mchana katika ukumbi wa ofisi, na Bibi mjumbe tuliyemtaja atakuwa pamoja nao. Chama kitanunua mashine moja ya kufyonza vumbi na moja ya maji, nazo zitabaki kuwa mali ya chama. Wanagenzi watazitumia, na katika kila kazi watarudisha sehemu mpaka fedha ya chama itimie. Baadaye, atakayeonyesha bidii ndiye chama kitakayemkopesha ada ya kwenda darasani kupata cheti. Hatutaanza na cheti tukamalizia na bidii.

Atakaye mwanawe aandikwe alete jina ofisini kabla ya Mkutano Mkuu. Mwanagenzi awe ajua kusoma na kuandika, maana dawa huandikwa maelezo yake. Awe hana maradhi ya kifua, kwa sababu ya vumbi. Na awe mwenye subira ya kutoa vumbi miezi bila ya kugusa maji. Mtoto mwenye haraka, mpeni kazi nyingine.

Ama fedha, hatutaficha. Ni fedha ya akiba yenu, ile iliyokatwa kidogo kidogo katika mauzo ya karafuu zenu, na ikipotea haitarudi kwa maneno matamu ya Katibu. Kwa hiyo njooni mkutanoni, ulizeni kwa ukali, kisha amueni.

HABARI YA LILE ZULIA

Huenda mngependa kujua mwisho wake. Kijana alilishughulikia siku nne. Alilitoa vumbi kwanza, na hata baada ya ndoo zetu zote mchanga bado ulitoka. Kisha alilipitisha maji kidogo yenye uchachu mwepesi, akalifyonza, akaliwashia mafeni usiku kucha. Uvundo umekwisha. Ile mistari ya rangi ya chai imefifia, haionekani ila kwa anayeitafuta. Pambizo za waridi hazikurudi kuwa nyeupe. Mahali palipolika pamebaki hivyo hivyo, na zulia halikurefuka. Kijana alituambia mapema kuwa hayo matatu hatayaweza, nasi tukakumbuka alivyosema juu ya fundi wa kweli.

Siku ya tatu yule mzee alikuja akasimama mlangoni kutazama. Akaketi. Akamwambia kijana kuwa baba yake alikuwa akilipiga vumbi zulia lile kila mwaka mwezi wa Shaabani, akilitundika kivulini, na maji hakupata kulitia hata mara moja. Sisi tulikuwa hapo hapo tukisikia. Mmoja wetu akasema, "Mzee, tuwie radhi. Hatukujua." Akajibu, "Wanangu, nilikuwapo. Hamkuniuliza."

Ijumaa iliyofuata alisali safu ya mbele. Mkeka wake wa ukindu bado uko barazani, umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Nasi hatujathubutu kuuondoa.

Wassalaam,

Katibu wenu